Ruta ya Dukani au ya Kampuni? Igeuze Kwanza Uone Mgongo Wake

Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi na pesa ikaanza kuzunguka Tandahimba, Newala na Masasi, maduka ya vifaa vya umeme Mtwara mjini huchangamka. Runinga zinaondoka, spika zinaondoka, na siku hizi ruta nazo zinaondoka. Shida ni kwamba kwenye meza moja unaweza kukuta ruta iliyotengenezwa ili iuzwe madukani, na ubavuni mwake ruta iliyowahi kufungwa na kampuni ya intaneti nyumbani kwa mtu, ikafika pale kwa njia ambayo muuzaji hapendi kuulizwa. Zote zina antena, zote zinawaka taa ukizichomeka. Moja utaitumia miaka. Nyingine haitakupa intaneti hata ukileta fundi kutoka Kariakoo.

Wanunuzi wengi huangalia nembo ya mbele na kuhesabu antena. Havisaidii. Huawei, ZTE na hata TP-Link hutengeneza vifaa vya kuuza madukani na vifaa vya kuyauzia makampuni ya intaneti kwa jumla, na nembo ni ileile. Jibu liko nyuma na chini ya kifaa: matundu ya waya na kibandiko. Kwa hiyo tutakwenda kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi nikiwa nimesimama mbele ya meza ya muuzaji, tukianza na kinachoonekana kwa macho, kisha kinachohitaji umeme, na mwisho makaratasi.

Tunatofautisha nini hasa

Ruta ya dukani ni mali yako tangu ulipolipa. Mipangilio yote unaifungua mwenyewe, masasisho ya programu unayapakua kwenye tovuti ya mtengenezaji, na leo ukiwa kwa mtoa huduma huyu kesho ukahamia kwa yule, ruta unahama nayo.

Ruta ya kampuni imesajiliwa kwenye mitambo ya kampuni kwa namba yake, mara nyingi umeazimwa tu kwa muda wa mkataba, na sehemu ya mipangilio imefichwa usiifikie. Ichukulie kama mita ya TANESCO: iko ukutani kwako, vumbi unaifuta wewe, lakini si yako.

Lipo kundi la katikati linalowachanganya watu. Ni ruta ya laini, ya 4G au 5G, ambayo kampuni ya simu imekuuzia kabisa na risiti unayo, ila imefungwa ikubali laini za kampuni hiyo peke yake. Kampuni haitakuja kuidai. Lakini ukimuuzia jirani anayetumia mtandao mwingine, mtagombana.

Hatua ya 1: Soma matundu

Usihangaike na matundu yote. Tafuta moja tu: lile ambalo intaneti inaingilia. Yaliyobaki ni ya kugawa.

Anza na tundu la faiba, kwa sababu hilo ndilo linaloamua mambo mengi. Ni la mraba, dogo, mara nyingi limefunikwa kizibo cha plastiki cha kuzuia vumbi, na plagi yake huwa ya kijani au ya bluu. Karibu nalo pameandikwa PON au OPTICAL. Baadhi ya vifaa vinalo tumboni badala ya mgongoni, kwa hiyo usiridhike kwa kutazama nyuma tu, kipindue kabisa. Ukiliona tundu hilo, kilichopo mkononi mwako ni kile ambacho mafundi wa faiba hukiita ONT au ONU, na chukulia kuwa ni cha kampuni mpaka muuzaji akuonyeshe ushahidi mwingine. Kama waya wa faiba umechomekwa upande wa pili, usichungulie ndani ya tundu wala ndani ya kichwa cha waya. Mwanga unaokuja una urefu wa mawimbi wa nanomita 1490, jicho la binadamu halioni chochote, na kutouona si kwamba haukudhuru.

Kwa nini ONT ya mtumba ina tabu kuliko ruta nyingine? Kwenye mfumo wa GPON, ambao ndio umeenea katika faiba za majumbani, uzi mmoja kutoka kwenye mitambo hugawanywa kwa nyumba nyingi za mtaa, na nyumba hizo zote hushirikiana kasi ya jumla ya gigabiti 2.488 kwa sekunde ya kushuka na 1.244 ya kupanda. Ili vifaa visiongee kwa pamoja vikavurugana, mitambo hukipa kila kifaa zamu yake, na hukitambua kwa namba yake ya utambulisho ya kiwandani. Kifaa ambacho namba yake haimo kwenye orodha hakipewi zamu. Hakijaharibika wala hakihitaji fundi. Hakijulikani tu. Anayeweza kukiingiza kwenye orodha ni kampuni inayomiliki uzi ule, nayo haina sababu ya kusajili kifaa chenye stika ya kampuni nyingine.

Tundu la pili la kutafuta ni la waya wa simu ya mezani, lenye maandishi DSL, ADSL au LINE. Ni jembamba kuliko matundu ya kebo ya mtandao: lina pini mbili au nne wakati la kebo lina nane. Vifaa hivi ni vya enzi ya intaneti ya waya wa shaba, na mitumba imejaa navyo. Kama hakuna tundu la WAN (la kuingizia intaneti kwa kebo) pembeni, kitakufaa kwa kusambaza Wi-Fi tu kutoka ruta nyingine, na hata hapo ujue unachokifanya. Jihadhari na maandishi TEL, PHONE au POTS. Tundu hilo lina umbo lilelile, lakini ni la kutoa: unachomeka simu ya mezani. ONT nyingi zinalo, na nimesikia wauzaji wakilionyesha kama uthibitisho kwamba kifaa "kinakubali hata waya wa simu".

Kisha kuna kipenyo cha laini. Kikiwepo, ruka hadi hatua ya 5.

Ukikosa faiba, ukakosa DSL, ukakosa laini, ukakuta tundu moja lenye rangi tofauti na mengine, mara nyingi bluu, limeandikwa WAN au INTERNET, hapo una ruta ya kawaida. TP-Link TL-WR840N, Archer C6, Tenda F3 na Mercusys MW325R zote ziko hivyo. Hii ndiyo dalili nzuri kuliko zote kwamba kifaa ni cha dukani. Si kamili, na kasoro yake nitaieleza kwenye kibandiko.

Wenye intaneti ya redio, ile ya antena iliyofungwa juu ya paa ikielekea mnarani, wana kifaa cha ziada: kiboksi kidogo cheusi chenye matundu mawili, moja LAN, la kebo ya kwenda kwenye ruta, na jingine POE. Tundu la POE linapeleka umeme juu kwenye antena kupitia kebo ileile ya mtandao. Antena nyingi za Ubiquiti za aina hiyo hutumia volti 24, na kiboksi hakiulizi kilichochomekwa ni nini. Kebo ya POE ukiipeleka kwenye kompyuta au kwenye ruta ya ndani, unaweza kuiunguza pale pale. Katika mpangilio huu antena na kiboksi kwa kawaida ni vya kampuni, na ruta ya sebuleni inaweza kuwa yako au yao. Hapo ndipo watu hubishana siku ya kuhama.

Hatua ya 2: Soma kibandiko, tena kwa miwani kama unavaa

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Piga picha kibandiko kwa simu kisha ikuze. Maandishi ni madogo kwa makusudi au kwa bahati mbaya, sijui, lakini ndiyo yenye siri zote.

Anza na jina la modeli, kwa sababu watengenezaji hupanga vifaa kwa familia. Kwa Huawei, majina yanayoanza na HG8 au EG8, mfano HG8546M na EG8141A5, ni ya faiba ya makampuni. Yanayoanza na WS, mfano WS318n, ni ruta za dukani. Yenye B, mfano B311 na B315, ni ruta za laini, na E5573 ni kile kidogo cha mfukoni. Kwa ZTE, herufi F baada ya neno ZXHN (F660, F670L) ni faiba, H108N ni ya waya wa simu, MF (MF283, MF286) ni ya laini. Ukijua hizo tu, umeshawazidi wauzaji wengi wa mezani.

TP-Link ndiyo yenye mtego. Watu wanaamini kila TP-Link ni ya dukani kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani. TL-WR, Archer C na Archer AX ni za dukani kweli. Lakini kampuni hiyo ina familia nyingine iitwayo Aginet, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoa huduma: EC220-G5, EX220, XC220-G3 na nduguze. EC220-G5 kwa sura ni ruta ya kawaida kabisa, ina tundu la WAN, haina faiba. Hiyo ndiyo kasoro niliyoitaja. Ukikutana na modeli usiyoijua, iandike kwenye tovuti ya mtengenezaji hapo hapo dukani. Kama ukurasa unaielekeza kwa watoa huduma, au unakutaka programu mpya ukaiombe kwa mtoa huduma wako, umepata jibu.

Baada ya modeli, namba ya utambulisho ya kiwandani, iliyoandikwa SN, S/N au GPON SN. Kwa vifaa vya faiba namba hii inajisema yenyewe. Herufi nne za kwanza ni za mtengenezaji: HWTC ni Huawei, ZTEG ni ZTE, ALCL ni Nokia. Kwenye vibandiko vingine herufi hizo zimeandikwa kwa tarakimu, kila herufi kwa tarakimu mbili. HWTC inakuwa 48575443, na ZTEG inakuwa 5A544547.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mikindani aliletewa ruta na kijana anayezungusha vifaa kwa pikipiki. Nilikuwa pale kwa shughuli nyingine.

"Shikamoo mama. Ile ruta nimeileta. Orijino Huawei, antena mbili, wageni wako watafurahi."

"Marahaba mwanangu. Haya, iweke hapo aiangalie huyu."

Ilikuwa nyeupe, safi, imefutwa. Nyuma matundu manne ya njano, moja la TEL. Tumboni, kizibo cheusi. Chini ya kizibo, kijani. Kibandiko kilikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu uliopita mahali ambapo jina la mtandao wa Wi-Fi huandikwa, kana kwamba mtu alipitisha ncha ya kisu, lakini SN ilikuwa nzima: 48575443, kisha tarakimu nyingine nane. Pembeni palikuwa na alama ya mstatili ya gundi, mahali palipobandikwa kitu kikabanduliwa.

"Mwanangu," mama akasema, "hii umeitoa wapi?"

"Kwa mtu aliyehama, mama."

"Basi mrudishie, akaikabidhi alikoichukua."

Kijana hakubishana. Huenda naye aliuziwa.

Ule mstatili wa gundi ni wa kuutafuta kila mara. Makampuni hubandika stika ya pili, yenye nembo, mistari ya kuskani, au maneno ya kuonyesha umiliki, na anayeuza kinyemela huanza na hiyo. Kifaa ambacho kibandiko chake chote kimebanduliwa usikinunue kwa bei yoyote. Hata kama ni halali, hutaweza kukithibitisha wala kumuuzia mwingine.

Anwani ya MAC, utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, nayo iko hapo, tarakimu na herufi 12. Sita za kwanza zinamtaja mtengenezaji, hazimtaji mtoa huduma, kwa hiyo zile programu za simu zinazokuonyesha "Huawei" au "TP-Link" kando ya kila Wi-Fi ya jirani hazikuambii kama ruta ni ya kampuni. MAC ina kazi nyingine nzuri zaidi. Ruta za TP-Link hutoka kiwandani na jina la Wi-Fi lenye herufi nne za mwisho, na kwa kawaida hizo nne ni za mwisho za MAC. Ukiiriseti ruta, ikatangaza TP-Link_ na herufi nne ambazo hazimo kwenye kibandiko, basi kibandiko hicho ni cha ruta nyingine.

Hatua ya 3: Taa

Taa zina maana kubwa nyumbani, maana ndogo dukani.

Nyumbani, ukiwa na kifaa cha faiba, taa ya LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu maana yake mwanga haufiki: waya umekatika, umekunjwa sana, au kichwa kimeingia vumbi. PON ikipepesa, mwanga unafika lakini kifaa bado hakijakubaliwa na mitambo. PON ikitulia, umesajiliwa. Dukani hakuna faiba, kwa hiyo LOS itapepesa nyekundu kwa kifaa kizima na kwa kifaa kilichofungiwa sawasawa. Muuzaji akisema "hiyo nyekundu ni kwa sababu haina waya", anasema kweli. Ukweli huo haumsafishi.

Hatua ya 4: Ingia ndani ya ruta

Unganisha simu na Wi-Fi ya ruta, zima data ya simu (usipoizima, simu ikiona Wi-Fi haina intaneti inaweza kupita kwingine), kisha andika kwenye kivinjari anwani iliyo kwenye kibandiko. Anwani zenyewe ni dalili. Vifaa vya faiba vya Huawei hupenda 192.168.100.1. Ruta za laini za Huawei, 192.168.8.1. Tenda, 192.168.0.1. TP-Link ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na MikroTik ni 192.168.88.1.

Ukurasa ukifunguka, tazama mambo haya kwa utaratibu huu. Nembo iliyo juu ni ya mtengenezaji au ya kampuni ya intaneti? Nembo ya kampuni ikiwemo ndani ya ukurasa, programu ya kifaa ilitengenezwa kwa ajili yao, na kuriseti hakutaiondoa. Je, nywila ya kibandiko inakubali? Ikikubali, nenda sehemu ya WAN au Internet. Kwenye ruta ya dukani utaona chaguo la aina ya muunganisho na unaweza kulibadilisha na kuhifadhi. Kwenye ya kampuni mara nyingi sehemu hiyo haipo kabisa, au ipo na maandishi yamefifia, hayabonyezeki.

Utakuta pengine kipengele kilichoandikwa TR-069 au CWMP. Hiyo ni njia, iliyowekwa kuwa kanuni ya pamoja mwaka 2004, ya kampuni kuingia kwenye ruta kwa mbali na kubadilisha mipangilio bila kuja nyumbani kwako. Kukikuta kipengele chenyewe si ushahidi, kwa sababu baadhi ya ruta za dukani nazo zinacho kikiwa kimezimwa. Angalia kama kimewashwa na kimejazwa anwani ya seva. Kikiwa hivyo, kifaa kina mwenyewe, naye si aliyesimama mbele yako.

Linganisha pia MAC na SN za ukurasa na za kibandiko. Zikitofautiana, achana na biashara.

Neno kuhusu kitufe cha RESET. Ruta ya dukani unaweza kukibonyeza kwa sindano kama sekunde 10 bila hofu: itarudi ilivyotoka kiwandani na utaipanga upya. Ruta ya kampuni iliyo ukutani kwako usiiguse kitufe hicho kwa sababu umesahau nywila ya Wi-Fi. Ndani yake kuna jina la mtumiaji na nywila za muunganisho wenyewe, na pengine namba ya VLAN (ya kutenganisha njia ndani ya mtandao wa kampuni), vilivyoingizwa na fundi wa kampuni. Ukivifuta, Wi-Fi itarudi na intaneti haitarudi. Kama kampuni ina uwezo wa kuvirudisha kwa mbali, una bahati. Kama hawana na wewe uko Nachingwea au Liwale, utamsubiri fundi apangiwe safari. Piga simu huduma kwa wateja kwanza, waambie wakubadilishie nywila.

Hatua ya 5: Ruta za laini

Kwa wengi wa Lindi na vijijini Mtwara hii ndiyo ruta pekee yenye maana, kwa sababu faiba haijafika mtaani na mnara wa simu upo.

Nenda na laini mbili za mitandao tofauti, au azima kwa rafiki. Weka moja, subiri, kisha nyingine. Ruta iliyofungwa itaikataa laini ngeni na ukurasa wake utadai namba ya kufungulia. Usikubali muuzaji ajaribu kubahatisha namba hiyo mbele yako. Majaribio yana kikomo, na yakiisha hata namba sahihi haitasaidia. "Nitakufungulia kesho" nayo si ahadi ya kulipia leo.

Laini uliyoikuta ndani, itoe na umrudishie muuzaji. Imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine. Ukitaka kujua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, piga *106#. Vilevile, baadhi ya vifurushi vya nyumbani vimefungwa kwa kifaa kimoja, laini haifanyi kazi ikihamishiwa kwenye ruta nyingine, kwa hiyo uliza kabla hujanunua ruta ya dukani ukidhani utahamisha bando lako.

Ruta ya laini ina IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, kama simu, tarakimu 15. Wengi wanakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia na watu wakafundishwa kupiga *#06# na kutuma namba kwenda 15090. Kwenye ruta IMEI iko kwenye kibandiko na ndani ya ukurasa. Zote mbili ziwe sawa.

Jambo la mwisho hapa, nalo hupuuzwa: herufi na tarakimu za mkiani mwa modeli. B315s-22 na B315s-936 ni sura ileile, lakini hazishiki masafa yaleyale, kwa sababu kila moja ililengwa soko lake. Ruta iliyoletwa na ndugu kutoka nje inaweza kuwa mpya, haijafungwa, na bado ikashika 3G tu shambani kwako. Uliza dukani kwa mtandao wako wanatumia masafa gani eneo lako, kisha linganisha na orodha ya bendi: 3 ni megahezi 1800, 20 ni 800, 28 ni 700, 40 ni 2300.

Hatua ya 6: Makaratasi

Risiti ya EFD yenye jina la modeli. Boksi lenye SN ileile iliyo kwenye kifaa. Maneno ya waranti, hata kama ni mstari mmoja wa mkono na muhuri wa duka. Ruta mpya ya dukani haikosi vitu hivi. Ukiagiza Kariakoo kwa basi, omba picha ya kibandiko kabla hawajafunga mzigo. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560, nauli ya mzigo wa kurudisha ni juu yako, na masika barabara ikikatika upande wa Somanga kama ilivyokuwa Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, mzigo unalala njiani.

Ukishajua ni ipi

Kama ya ukutani ni ya kampuni, usiing'oe ukaweka ya dukani. Ruta ya dukani haina tundu la faiba, haiwezi kuchukua nafasi yake. Ziweke pamoja: kebo itoke LAN ya kifaa cha kampuni iingie WAN ya ruta yako. Kisha fungua ukurasa wa ruta yako uone anwani iliyopewa upande wa WAN. Ikianza na 192.168, kuna ruta nyingine mbele yake, jambo la kawaida hapa. Tatizo huja zote mbili zikiwa na anwani ileile, tuseme 192.168.1.1. Baadhi ya ruta hujirekebisha zenyewe. Isiyojirekebisha, ibadilishe iwe 192.168.5.1 au uiweke kwenye hali ya Access Point, ambayo mimi naipenda zaidi kwa nyumba za kawaida: kifaa cha kampuni kinabaki kugawa anwani, ruta yako inasambaza Wi-Fi tu. Zima Wi-Fi ya kifaa cha kampuni kama kiko chumba kimoja na ruta yako, vinginevyo simu zitang'ang'ania ile dhaifu.

Nyumba za zamani za mawe, zile za Mikindani na Kilwa, zina kuta nene ambazo Wi-Fi ya masafa ya 5GHz haizipendi. Tumia 2.4GHz au vuta kebo hadi chumba cha pili. Antena nne hazitoboi jiwe.

Adapta za umeme zitie alama. TL-WR840N nyingi hutumia volti 9, ONT nyingi hutumia 12, na plagi zao huingiliana bila kulalamika. Andika kwa kalamu ya wino mzito "RUTA" kwenye moja na "FAIBA" kwenye nyingine. Kwa wa Shangani na wengine wa karibu na bahari, usiweke ruta dirishani: upepo wa chumvi hula pini za matundu hadi ziwe za kijani, na kampuni ikirudishiwa kifaa chenye kutu inaweza kukutoza.

Siku ya kuhama au kukatisha mkataba, toa fomu uliyosaini siku ya kufungiwa uone kilichoandikwa kuwa chao: ONT, adapta, antena, kiboksi cha POE. Ulichonunua wewe hakimo, kibebe. Kilichomo, kipige picha ya kibandiko, kipeleke ofisini kwao mwenyewe badala ya kumwachia mwenye nyumba, na usiondoke dirishani bila karatasi ya mapokezi iliyoandikwa SN, tarehe na jina la aliyepokea.